Mwenyekiti Niliyemjua kwa Mgongo

Visigino vyake navijua kuliko uso wake. Cha kulia kina ufa mrefu uliojaa udongo mweusi wa mashamba ya mpunga, cha kushoto kimelika upande kwa kukanyaga pedeli ya baiskeli miaka nenda miaka rudi. Nipangie visigino vya wazee wote kuanzia huku kwetu Mwaya mpaka Ngonga, nitakuonyesha vya Mwenyekiti wa kijiji chetu bila kukosea. Uso ndio taabu. Uso nimeuona mara moja tu, na hapo nitafika.

Jina lake sitaliandika. Wanaonijua watacheka, kwa sababu mimi ndiye wanayenijia wakisahau. "Bibi, yule mtoto wa tatu wa marehemu Syabumi, aliyehamia Ndandalo, aliitwa nani vile?" Nami nawajibu hata hawajaketi. Majina ya kijiji hiki ninayo yote, ya walio hai na ya waliozikwa, na ya watoto waliokufa hawajafikisha wiki. La Mwenyekiti ninalo pia. Lakini halijatoka kinywani mwangu tangu niolewe, maana yeye ni mdogo wake baba mzazi wa mume wangu, marehemu Anyosisye. Kwetu Wanyakyusa huyo naye ni baba mkwe. Mke wa mtoto hakutani na mkwe wake uso kwa uso, hataji jina lake, hampi kitu mkononi. Wasichana wa siku hizi wanaongea na wakwe zao kwenye simu wakitazamana na kucheka. Wacha wafanye. Mimi nimefunzwa vingine, na umri huu sibadiliki.

Na yeye alinisaidia niweze kumheshimu. Akitoka kwake, akifika kwenye mikokoa ya jirani yake Gwakisa pale njia inapokata kona, alipiga kengele ya baiskeli mara mbili. Ngri-ngri. Nikiisikia naacha nililokuwa nalifanya, naingia migombani, nampa mgongo. Anapita. Halafu ndiyo namtazama, naye keshanipa mgongo. Shati lake la khaki lilikuwa na kiraka begani chenye umbo la sahani. Kiraka kile nilikijua kuliko fundi aliyekishona.

Akiwa na neno la kuniambia, alisimama nyuma ya nyumba akaongea na kinu changu.

"Kinu, mwambie mama Ambakisye mto umejaa, asiende kuvuka kesho."

"Kinu," nami najibu toka jikoni, nikimwita tata, yaani baba, "mwambie tata nimesikia. Na mwambie amesahau kofia yake msibani kwa Tumpe."

"Kinu, mwambie sikuisahau. Nimewaachia waikumbuke."

Alikuwa na mdomo huyo. Alikuwa pia bahili wa sukari, alipima chai ya wageni kwa ncha ya kijiko. Radi ikipiga aliingia uvunguni, mzee mzima, na mke wake alipokuwa hai alilisimulia hilo kisimani bila huruma. Aligombana na Gwakisa miaka sita kwa ajili ya chipukizi moja la mgomba lililoota katikati ya mpaka, na siku Gwakisa alipolazwa, ni yeye aliyempalilia shamba lote, chipukizi lile akalipalilia kwa uangalifu kuliko yote. Halafu Gwakisa alipopona wakaendelea kugombana.

Na uenyekiti aliupenda. Siwezi kumsafisha hapo. Muhuri wa kijiji aliuzungusha kwenye nailoni akauweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akaenda nao shambani, kanisani, ziwani. Wakati wa sala ungeona mkono wake ukiupapasa. Watu walisema atazikwa nao.

Sasa nieleze serikali yake ilivyokuwa, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Halmashauri yetu ya kijiji ina watu ishirini na watano, yeye akiwa mmoja wao. Uchaguzi uliopita alishinda uenyekiti kwa tofauti ya kura chache sana. Lakini wajumbe wa chama chake, ukimhesabu na yeye, walipatikana kumi na wawili. Chama cha pili walipata kumi na watatu. Kwa hiyo kiti ni chake na mikono mingi ni ya wapinzani wake. Akileta jambo, wakiinua mikono kumi na mitatu, limekufa. Na kuna jingine kubwa zaidi: hao kumi na watatu wakijiuzulu wote siku moja, halmashauri imebaki chini ya nusu, imekwisha, na uchaguzi unarudi kabla ya wakati wake.

Wa kumi na tatu ni mimi.

Waliniweka kwenye kiti cha wanawake kwa sababu nakumbuka majina, na kwa sababu mwanangu mkubwa, Ambakisye, ndiye kiongozi wao. Mdogo wake, Lusekelo, yuko chama cha Mwenyekiti. Wote wawili nimewazaa mimi, wote wawili wamejenga kwenye kiwanja changu, na katikati ya nyumba zao sasa kuna ua wa matete ambao haukuwepo.

Ua ule uliwekwa baada ya siku ya kutangaza matokeo. Ilikuwa mchana, uwanja wa shule umejaa. Walianza kwa nyimbo, wakaja kwenye mawe, halafu watu wakatoka na mapanga waliyokuja nayo wakidai wanatoka shamba. Lusekelo alikatwa bega nyuma ya shule, kwenye bomba la maji. Mwenyekiti ndiye aliyemkuta, akamfunga bega kwa shati lake mwenyewe, akampakia kwenye baiskeli akaisukuma mpaka zahanati. Kile kiraka chenye umbo la sahani ndipo kilipoanzia. Damu haikutoka kwenye kitambaa, ikabidi pakatwe na kushonewa kipande kingine.

Polisi walimwuliza nani alikata. Akasema amekuta mtu ameanguka.

Jioni hiyo Ambakisye alirudi nyumbani na shati bichi. Nikamwuliza, akasema amenyeshewa njiani. Huku Kyela mvua ni mgeni wa kila siku, lakini siku ile haikunyesha.

Sikuuliza tena. Mimi ninayekumbuka kila jina, jina hilo moja naomba Mungu nisiambiwe.

Basi ndiyo maana naliogopa neno uchaguzi. Wengine wanaona kofia na fulana za bure. Mimi naona bomba la maji.

Mwenyekiti aliiendesha serikali yake ya watu wachache kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kula. Kabla ya kila kikao alizunguka nyumba za wapinzani wake, na hakuomba kura. Aliomba ndizi. Aliketi kwa Asajile, ambaye ndiye mkali kuliko wote baada ya mwanangu, akala ndizi zilizopikwa na maharage, akalamba vidole, akasifu. "Mke wako anapika vizuri kuliko unavyoongea," alimwambia. Asajile akacheka kwa hasira. Kesho yake kikaoni Asajile alishindwa kumkaripia sawasawa, akaishia kukohoa.

Ya pili ilikuwa kuahirisha. "Tulale nalo kwanza," alisema. Jambo likiwa limefika kwenye kuinua mikono, yeye anafunga daftari. Tulale nalo, kuna msiba. Tulale nalo, mto unajaa. Mara moja walikuwa wamejiandaa kweli kumwangusha, na mikono imeanza kupanda, mara tukaona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, unakuja. Wakungu wale, wadudu wadogo wa ziwani, wakaingia ofisini mpaka masikioni. Wanawake wakatoka mbio kuchukua vikapu wakawakamate, maana ni mboga. Mwenyekiti akafunga daftari polepole.

"Tulale nalo."

"Hata wadudu wa ziwani ni chama chako!" Asajile alipiga kelele huku akitema.

"Hao hawana kadi," akajibu. "Wamekuja kama wananchi."

Mimi nilikuwa nakaa barazani, nje, kwa sababu ndani yupo mkwe. Kikao kizima nilisikiliza dirishani nikiwa nimewapa mgongo. Mtendaji wa kijiji, binti mpole wa kutoka Tanga aliyeletwa huku na kazi, mwanzoni alidhani ninajisikia vibaya. Anahesabu mikono ya ndani, halafu anatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo tena bibi. Na mkono wako je?"

Wakati mwingine mkono wangu ulienda kwa Mwenyekiti. Daraja la miti nililiunga mkono, na paa la zahanati. Ambakisye alinijia nikiwa nachambua mchele.

"Mama, mkono wako unatuaibisha."

"Mkono wangu unavuka mto kila siku kwenda shamba, mwanangu. Wewe una pikipiki."

Lakini mwaka huu hakuja kunilaumu. Alikuja kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alikuwa na barua kumi na tatu za kujiuzulu, zimechapwa mjini. Alisema hakuna kupigana tena, safari hii watashinda wazi, kila mtu ataheshimu. Alinishika mkono akaniwekea kalamu. "Ni jina tu, mama. Wewe na majina si ndugu?" Nikatazama mkono wake ulioshika wangu. Mkono wa mtoto niliyemfundisha kushika jembe. Nikaandika jina langu, herufi moja moja, na kila herufi nilisikia baridi.

Usiniulize kwa nini niliandika. Niliogopa kumkatalia, na niliogopa kumkubalia, na la kumkatalia ndilo lililokuwa limesimama mbele yangu.

Kulikuwa na sharti moja, nao wenyewe ndio waliolitunga na kulitia kwenye muhtasari wa kikao cha nyuma. Kwa kuwa walimjua Mwenyekiti na kuahirisha kwake, walihofu atasema barua hajaziona, au kuku wamezila. Wakaandika: kila mjumbe ataikabidhi barua yake mkononi mwa Mwenyekiti, mbele ya wote, na asiyekabidhi mkononi hajajiuzulu. Walilipitisha kwa mikono kumi na miwili bila kupingwa, mimi siku hiyo nikiwa nimemsindikiza mgonjwa. Wote ni watoto wa hapa. Wote mama zao wanaingia migombani wakisikia wakwe. Wamelizoea jambo hilo hata hawalioni tena, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka mimi ni nani kwa Mwenyekiti.

Siku yenyewe ofisi ilijaa, na nje wamesimama watu. Nilimwona Lusekelo amekaa juu ya tofali, bega lake limeinama upande kama linavyoinama siku zote tangu siku ile. Asajile akasema, "Waanze akina mama, mkubwa wetu kwanza." Mtendaji akaita jina langu.

Sikusogea.

"Ingia, mama," Ambakisye akasema kutoka ndani.

Ndipo nikasikia kiti kinaburutwa. Nikageuza kichwa kidogo. Mwenyekiti alikuwa amekigeuza kiti chake, ameelekea ukutani. Amenipa mgongo ili nipate kuingia. Sikuamini. Mtu anayeondolewa kwenye kiti chake ndiye aliyekuwa akinisafishia njia.

Nikaingia. Ni mara ya kwanza kuingia ofisi ile yeye akiwemo. Kiraka kile kilikuwa mbele yangu, karibu nikiguse. Kwa nyuma alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, kinasubiri barua. Mkono mwingine ulikuwa umepanda kifuani, penye muhuri. Nikadhani ni mazoea.

Nikasema, na sauti ilinitoka ndogo, "Mtendaji, mwanangu, huyu ni mkwe wangu. Simpi kitu mkononi."

Mtu akacheka nje, akakatiza.

"Basi weka mezani, mama!" Ambakisye akasema.

Binti wa Tanga akafungua daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Samahani kaka. Muhtasari wenu unasema mkononi. Mezani haihesabiki."

"Tubadilishe hapa hapa!"

"Kubadilisha muhtasari kunataka taarifa, kaka. Siku saba. Mliandika wenyewe hilo pia."

Asajile alipiga paja. "Rudisheni barua mifukoni," akawaambia wenzake. "Kumi na mbili si zaidi ya nusu." Akanitazama. "Bibi, umetufunga goli kwa kanga."

Nikaifunga barua kwenye pindo la kanga nikatoka. Sikushangilia. Ambakisye alinipita mlangoni bila kunitazama, na harufu yake ilikuwa ya jasho la mtu aliyeogopa au aliyekasirika, sikuweza kutofautisha. Tangu siku hiyo mpaka mvua zilipokata hakunisalimu ugonile asubuhi. Mke wake ndiye aliyekuwa akiniletea salamu.

Nilidhani watakaa siku saba warudi. Hawakurudi. Nikawa nasubiri, kila pikipiki ikisimama nachungulia nje. Halafu nikasikia sababu, kwenye mashine ya kukoboa, Asajile akiongea na wenzake bila kujua nimeketi nyuma ya magunia.

"Tuache kuhangaika. Mzee anakohoa. Mwenyekiti akifa uchaguzi unakuja wenyewe, na mazishi tutachangia vizuri."

Alisema vile kwa upole tu, kama mtu anayeongelea mvua. Naye si mtu mbaya. Ni mtoto wa Ikupa, nilimshika mimi alipozaliwa. Nikabeba mchele wangu nikaondoka.

Tangu hapo maisha yangu yakawa kengele. Asubuhi ninaosha vyombo nikisikiliza. Ngri-ngri kwenye mikokoa ya Gwakisa, nami nakimbilia migombani kama mwenye furaha. Bado yupo. Bado mavuno mawili ya mpunga uchaguzi wa wakati wake ufike, na labda kufikia hapo hasira itakuwa imezeeka. Siku zingine kengele ilichelewa. Siku zingine aliisukuma baiskeli badala ya kuipanda, nikahesabu hatua zake na mapumziko yake. Alisimama mara tatu kati ya kwa Gwakisa na kwangu.

Wiki iliyopita haikulia siku tatu.

Siku ya nne, jua limeshapanda, nilikwenda kwake. Binti yake anayemtunza alikuwa amekwenda Ipinda sokoni. Nikasimama nyuma ya nyumba penye kinu chao.

"Kinu, mwulize tata amelalaje."

Ikaja sauti, nyembamba kuliko ninayoijua:

"Kinu hakina miguu ya kuingia huku. Ingia mwenyewe, mama Ambakisye."

Niliingia kinyumenyume. Nikakaa chini, mgongo kwake, nikitazama mlango. Chumba kilinukia dawa ya kuchua na maganda ya machungwa. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima wa Livingstone na mzigo.

"Maji," akasema.

Nikamimina. Nikaweka kikombe sakafuni nyuma yangu, nikakisukuma kwake kama inavyopasa. Nikasubiri. Nikasikia mkono wake unashuka, unapapasa, haufiki. Ukashuka tena. Pumzi ikakatika, akaanza kukohoa, na kikohozi hakikwisha.

Nikageuka.

Miaka yote hii nilikuwa nimemtengenezea uso. Uso mpana, wa mzaha, unaolingana na mgongo ule uliosimama wima kwenye baiskeli na kusema tulale nalo. Uso niliouona ulikuwa mdogo, na macho yake yalikuwa yameogopa. Hayakuwa na woga wa siku ile tu. Mikunjo ilikuwa imeshakaa mahali pake, ya mtu aliyeogopa muda mrefu akiwa amewapa watu mgongo. Nilimwinua kichwa nikamnywesha kwa mkono wangu. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

"Ndaga," akasema, akinishukuru. Halafu, "Siku ile nyuma ya shule, niliona."

"Tata, usiniambie."

"Sikuambii. Sijamwambia mtu. Nasema tu kwamba nikiondoka sasa, watasimama tena pale pale, wote wawili."

Nilishika ukingo wa kitanda. Alikuwa amesema wote wawili, na macho yake hayakuniacha, na mimi sikuwa na migomba ya kuingia.

Muhuri ulikuwa mfukoni mwa shati lake, ndani ya nailoni yake, hata hapo kitandani, na mkono wake uliokuwa umeshindwa kufikia kikombe ukapanda ukaugusa. Je, aliwaogopea wanangu au aliogopea kiti? Nimeliwaza sana. Sijui. Labda kwake vilishakuwa kitu kimoja.

"Baiskeli iko nje," akasema. "Nenda ukapige. Mara mbili. Asajile akipita ajue nipo."

Nilitoka. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, kiti chake kimekaa umbile lake. Sijawahi kuigusa. Nikaishika usukani, nikaisukuma mpaka penye njia, nyuma ya mikokoa ambapo mtu hanioni, nikaweka kidole gumba kwenye kengele.

Ngri-ngri.

Bupe, mke wa mtoto wa ndugu yake Mwenyekiti, alikuwa anakuja na ndoo ya samaki wa mbasa kichwani. Aliisikia. Bila kuinua macho akaingia migombani akageuka, akasimama ametupa mgongo, mimi na baiskeli, anasubiri mkwe apite.

Ng'ambo ya njia, kwenye kichanja cha Ambakisye, reki iliyokuwa ikigeuza kokoa juani ikanyamaza. Sikuondoa kidole kwenye kengele. Ilinyamaza muda mrefu.

Kisha ikaanza tena kukwaruza, taratibu, nami nikapiga tena.